Zaburi Uliyomsomea Mama Furaha

Papa,

Nakuandikia nikiwa kwenye parsele yako, kiwanja chetu cha hapa Nyamianda, na Biblia yako iko mapajani. Inafunguka yenyewe kwenye Zaburi ya mia na tisa. Wenzako wa kanisani Biblia zao zimechakaa pale kwenye mchungaji mwema. Yako imechakaa kwenye laana. Hongera.

Unazikumbuka zile alfajiri? Ulitupanga uani, sisi watoto na matongotongo yetu, wewe umeshika glasi ya maji yaliyotiwa chumvi, uso umeelekea kwa jirani yetu Mama Furaha, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Kosa lake, ulisema, ni kusogeza mpaka wa kiwanja. Ulisoma zaburi hiyo, na kila palipotajwa adui ulitia jina lake, kwa sauti, ili asikie. Sisi tunaitika Amina, nawe unamwaga maji upande wake. Kisha unavaa koti, unakwenda kuketi kwenye kiti chako cha ushemasi. Nilidhani ule ni ushujaa. Leo namwona mtu mzima aliyeogopa kugonga mlango wa jirani, akamtuma Mungu kama mhuni wa kukodiwa.

Juzi mama aliniita, akanyoosha kidole kwa Mama Furaha. "Ni ule mama alimuroga papa yenu. Weye ndiye mukubwa. Kamata Biblia, usome, utie jina yake."

Basi nikaisoma yote peke yangu, kwa mara ya kwanza bila sauti yako. Mtunzi wake anakera. Anaanza kwa kujisifu kuwa yeye ni mtu wa upendo na sala, halafu anamwombea mwenzake kila balaa. Nilikutambua hapo hapo. Siku za adui ziwe chache, anaomba. Cheo chake apewe mwingine. Mkewe awe mjane, watoto wake yatima.

Nikaifunga Biblia. Papa, wewe ulikufa nywele bado nyeusi. Kiti chako kilipata mtu kabla kilio hakijaisha. Mjane ni mama. Yatima ni sisi. Nilikudharau na kukulilia kwa wakati mmoja, na bado nafanya hivyo.

Kuna ombi moja tu ambalo halikutimia kwako: kwamba asiwepo wa kuwahurumia hao yatima. Siku ile tuliyotoka kukuzika, wa kwanza kuingia kwetu na chakula alikuwa Mama Furaha, na sufuria ya ndagala na bugali.

"Mukule kwanza, batoto," alisema. "Iko bado siku mingi ya kulia."

Tulikula. Hata mama alikula, tena akaomba chumvi.

Kwa hiyo nimemwambia mama sisomi. Amenuna, na atanuna sana. Ile glasi yako nimeiosha. Sasa hivi naenda kugonga kwa Mama Furaha, nimwombe maji ya kunywa.

Pumzika, Papa, na huko uliko usimwombee mtu.

Binti yako mkubwa