Rodi Zenye Maji

Antony, Kilonzo amejimaliza! Huyu fundi wetu Kilonzo!

Mkono wa mashine ya kuchimba hapa kwari ya mawe Mlolongo ulipasuka. Rodi za kuchomelea zilikuwa zimenyeshewa, na hizo lazima zikaushwe kwa jiko, la sivyo chuma kitapasuka tena. Jiko nalo liko na chai ya Syombua, yule anayetuuzia chai. Ati Kilonzo akasema, "Wacha watu wanywe chai." Wacha watu wanywe chai! Akachomelea na rodi zenye maji.

Sasa ufa umerudi, na ndugu yako Mutinda ameinua jiwe kwa huo mkono juu ya wavunja kokoto. Kilonzo analia, "Shusha! Kazi yangu ni mbaya!" Mutinda anacheka tu: "Mzee, kazi yako haijawahi kuachia."

Kilonzo ameenda kusimama chini ya hilo jiwe ndio aaminiwe. Antony, mpigie ndugu yako simu. Wewe hatakucheka.