Nimemshinda Mama Mkwe Kukaa Majini, Sasa Nyumba Nzima Imenuna

Shangazi Hettie,

Salamu nyingi, na kabla sijaenda mbali naomba jina langu uliandike wazi, usiniwekee herufi za kujificha, maana nimeshinda na nataka waliokuwepo na wasiokuwepo wajue, ila ushindi wenyewe ndio umeniletea balaa, na ndiyo maana nimekaa hapa mezani nakuandikia huku chai yangu inapoa.

Mimi ni Delyth, mzaliwa wa Borth, pwani ya Wales, nimeolewa Leicester kwa kina Thackray, na kama unawajua watu wa huku basi unajua kwamba shule zikifungwa kwa Pasaka hawaulizani wanaenda wapi, ni Mablethorpe, pwani ya mashariki, kwenye nyumba ile ile ya magurudumu, karavani ya marehemu baba mkwe, hali ya hewa iwe yoyote. Tunagongelea nguzo za pazia la upepo mchangani, tunajibanza nyuma yake na makoti na kofia za sufu, tunakula mikate iliyoingia mchanga, na mama mkwe wangu, Enid, anatumiminia chai kutoka kwenye chupa huku akisema leo kumetulia, hata kama pazia linataka kupaa na sisi. Sisemi kwamba sipapendi, Shangazi, watoto wangu wanapapenda na mimi mwenyewe nimeshawahi kucheka pale mpaka nikalia, lakini ngoja nikueleze lililokuwa linaniuma.

Mama yangu mzazi yuko Borth peke yake. Majira ya joto anapangisha vyumba vyake kwa wageni, hapo ndipo anapopata riziki, kwa hiyo wakati huo hana hata kitanda cha kutulaza, na nafasi yake ya kukaa na wajukuu ni Pasaka tu, kabla wageni hawajaanza kuja, na Pasaka zote zimechukuliwa na kina Thackray. Alipozaliwa binti yangu Mali, mama alinunua ndoo ndogo mbili za kuchezea mchanga, moja ya Mali na nyingine ya atakayefuata, akaziweka kwenye korido mlangoni, na mpaka leo ziko pale pale na vikaratasi vya dukani bado vinaning'inia. Mali sasa anavaa viatu vinavyokaribia kunitosha mimi. Kila nikipita pale mlangoni macho yanakwenda kwenye zile ndoo.

Sasa kina Thackray wana desturi yao, aliianzisha baba mkwe. Ijumaa Kuu, kabla hatujaenda kununua samaki na chipsi, watu wazima wote tunakunja suruali, tunashikana mikono, tunaingia baharini mpaka magotini na kusimama. Hakuna kuruka ruka, hakuna kutaja baridi. Anayetoka wa kwanza anaosha vyombo vya karavani likizo nzima, na anayebaki wa mwisho ndiye anayeamua Pasaka ijayo familia iende wapi. Tangu niolewe wa mwisho ni mama mkwe, na akiulizwa mwakani wapi anajibu "hapa hapa" kisha anaenda kuvaa soksi zake. Na tangu niolewe wa kwanza kutoka ni mimi, natoka nikipiga mayowe, na shemeji yangu Neville amelifanya hilo kuwa burudani yake, wenzangu wakipewa mayai ya chokoleti yeye ananikabidhi chupa ya sabuni ya kuoshea vyombo, imefungwa utepe kabisa, anasema, "Shemeji, mayai yaliisha dukani. Binti wa pwani unayeogopa maji, nimekuletea ya limau."

Mwaka jana nikiwa nimeinamia sufuria iliyoungua nikajiambia basi. Tuliporudi nyumbani nikaanza mazoezi, Shangazi, kwa siri, ndani ya kibanda cha zana nyuma ya nyumba. Nilikuwa najaza ndoo maji ya bomba, natumbukiza pakiti za njegere zilizogandishwa, naingiza miguu na kuwasha redio. Mwanzo nilikuwa sifiki hata mwisho wa taarifa ya habari. Kufikia majira ya baridi nilikuwa nasikiliza habari, hali ya hewa na mchezo mzima wa kuigiza, miguu imo ndani. Mume wangu Russell alidhani napanga makopo ya rangi. Siku moja Mali alinifumania, akaangalia ndoo, akaangalia pakiti, akaniuliza kama hizo ndizo njegere tulizokula jana. Nikamwambia ndizo, na akisema kwa mtu simnunulii simu. Hakusema.

Ijumaa Kuu ikafika. Upepo ulikuwa unatoka moja kwa moja Bahari ya Kaskazini, shakwe wenyewe walikuwa wametua chini wamejikunyata. Neville alikuwa ameshanipa sabuni yangu asubuhi. Tukashikana mikono tukaingia, na namwapia Mungu maji yalipofika magotini nilitaka kucheka, kwa sababu yalikuwa ni ndoo yangu ile ile, kubwa zaidi tu. Neville akanisubiri nipige mayowe, akasubiri, akageuka kuniangalia, midomo yake ikawa ya zambarau, na wa kwanza kutoka akawa yeye. Alitoka akikimbia kama amewekewa moto. Baadaye mke wake akatoka, akafuata Russell wangu, tukabaki mimi na mama mkwe tumeshikana mikono, watu wameanza kuchungulia kutoka nyuma ya mapazia yao.

Tulisimama mpaka mkono wake nikausikia unatetemeka ndani ya wangu. Hakunitazama, alikuwa anatazama mbele baharini, akaniuliza, "Umejifunzia wapi, mwanangu?"

Nikamjibu, "Kwenye ndoo, mama. Kibandani."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

Halafu akauachia mkono wangu, akageuka, akatoka taratibu, mgongo umenyooka, hata taulo hakupokea. Na mimi hapo, Shangazi, niliingiwa na wazimu. Niliinua mikono juu, nikapiga kelele mpaka watu wa mapazia mengine wakanipigia makofi, mwenye punda wa kupandisha watoto akapiga kengele yake, nikakimbia ufukweni na miguu myekundu kama kamba wa kuchemsha, nikaenda nikamwekea Neville ile chupa ya sabuni mapajani, nikacheza mbele ya kiti chake, na kusema kweli nikacheza kidogo na mbele ya kiti cha mama mkwe. Kisha nikampigia mama yangu simu pale pale miguu imelowa, nikamwambia mama, nimeshinda, Pasaka ijayo tunakuja kwako. Akasema, "Ngoja nizipanguse vumbi zile ndoo."

Balaa likaanza jioni hiyo. Neville akakataa kuosha vyombo, akasema nimefanya udanganyifu, mchezo ni wa kuja na miguu uliyozaliwa nayo, sio ya mazoezi, kwa hiyo matokeo yamefutwa na Pasaka ijayo ni Mablethorpe kama kawaida. Russell, ambaye ni mpole lakini mbele ya kaka yake hugeuka koti lililotundikwa, akaniambia chumbani niachie tu, kwa ajili ya amani, Borth tutaenda siku nyingine. Na mama mkwe aliinuka, akakunja mikono ya sweta, akaosha vyombo yeye mwenyewe, akaviosha likizo nzima, nikimfuata kumsaidia ananisukuma kwa kiwiko. Wiki nzima hakuutaja ule mchezo. Siku ya kuondoka tu, tukiwa tunapakia gari, akaniuliza kwa sauti kavu, "Na huko kwenu maji ni ya baridi kama ya huku?" Nikaona ananikejeli, nikajibu tu ndiyo mama, nikaingia garini.

Sasa naomba unisaidie, maana sijui nishike lipi. Nikidai zawadi yangu naonekana nimevunja familia, nikiiachia nitampigia mama yangu simu nimwambie azirudishe ndoo mlangoni, na hiyo simu siwezi kuipiga. Je, nimwombe mama mkwe msamaha kwa kumshinda? Na yale mazoezi yalikuwa udanganyifu?

Delyth Thackray, Leicester

Shangazi Hettie anajibu:

Delyth, mwanangu, kwanza hongera. Nimeisoma barua yako nimesimama, na alipotoka yule shemeji yako nilipiga meza mpaka paka akakimbia. Pole pia kwa hizo ndoo za mama yako, hapo nilikaa chini.

Sasa tuzungumze. Unaniuliza kama mazoezi ni udanganyifu. Mama mkwe wako amekuwa akisimama kwenye maji yale kila Ijumaa Kuu tangu kabla hujaolewa, unadhani hayo si mazoezi? Yeye ndoo yake ilikuwa bahari. Aliyepaswa kulalamika ni yeye, na yeye hajalalamika. Anayelalamika ni Neville, aliyetoka wa kwanza kabisa, na malalamiko yake hayahusu Borth hata chembe, yanahusu sufuria. Usikubali mtu anayekimbia vyombo akupangie Pasaka.

Lakini wewe nawe una makosa yako, na nitayasema. Kucheza mbele ya Neville ni haki yako, ningekuwepo ningekupigia makofi na mimi. Kucheza mbele ya mama wa watu aliyetoka majini anatetemeka, hapo ulizidisha, na hilo ndilo la kumwombea radhi, hilo peke yake. Usimwombe radhi kwa kumshinda. Ukifanya hivyo utamtukana, utakuwa unamwambia kwamba alisimama pale akicheza na mtu ambaye hakuwa na nia.

Kosa lako la pili ni kubwa zaidi. Umenieleza kila kitu na wewe mwenyewe hujakisikia. Mtoto wake alishindwa akakataa kulipa deni la mchezo, na yeye akainuka kimya kimya akaosha vyombo kwa niaba yake, wiki nzima, asitake msaada. Hivi mwanangu, huyo ni mtu aliyenuna? Huyo ni mtu aliyeona aibu kwa mwanawe na akaamua kwamba sheria ya marehemu mume wake haitavunjwa ndani ya karavani ile maadamu yeye yuko hai. Ameukubali ushindi wako kuliko hata mumeo alivyoukubali. Mikono yake ilikuwa kwenye povu inakuambia umeshinda, wewe unahangaika kutafuta maneno.

Na lile swali la garini, ukaliita kejeli. Delyth, jamani. Mjane ambaye Pasaka zote amezipitisha mahali pamoja anakuuliza maji ya kwenu yana baridi kiasi gani, na wewe unajibu ndiyo mama unafunga mlango wa gari? Hakuwa anakukejeli. Alikuwa anauliza kama na yeye amo safarini. Umeshinda, umetangaza mnaenda kwa mama yako, umepiga simu mbele ya kila mtu, na hakuna aliyemwambia yule mama kwamba kiti chake kipo. Hilo ndilo lililomfanya akauke sauti.

Kwa hiyo utafanya hivi. Jumapili hii nenda kwa Enid mwenyewe, bila Russell, bila watoto, ubebe mikate ya kwenda na chai. Mwombe radhi kwa ile ngoma yako mbele ya kiti chake, kwa sentensi moja, usilie. Kisha mjibu swali lake vizuri. Mwambie maji ya Borth ni ya baridi, mwambie upepo unatokea upande gani, mwambie kati ya vile vyumba vya wageni vya mama yako kimoja ni chake yeye. Mwombe alete pazia lake la upepo na nyundo yake, kwa sababu wewe hujui kugongelea nguzo kama yeye. Uone kama hatauliza mnaondoka siku gani.

Russell mwambie Shangazi amesema hivi: amani inayonunuliwa kwa huzuni ya mkewe na ya bibi wa watoto wake si amani, ni uvivu. Alikuwa majini, aliona nani alibaki, basi akaseme hivyo kwa kaka yake kwa mdomo wake. Neville naye akaribishwe Borth kama mtu mwingine yeyote, na atakapofungua mlango wa jiko la mama yako aikute ile chupa ya limau imeshatangulia, na utepe wake.

La mwisho, na hili usilibadilishe. Ijumaa Kuu ijayo mama zako wawili washikane mikono waingie majini, na wewe usiingie. Umeshashinda, waachie wazee wapambane, na ninavyomsoma Enid atakuwa anatafuta ndoo na njegere tangu sasa. Wewe kaa mchangani na watoto. Na ukifunga begi weka mkasi, kwa sababu vile vikaratasi vya dukani nataka vikatwe siku hiyo, na avikate Mali mwenyewe mbele ya bibi yake, hata kama ndoo sasa zinamtosha vidole tu.