Konokono Wawili na Lango la Mtaroni

Mwaka umetimia sasa, Baba, tangu uinamishe kichwa juu ya meza ya kukatia vitambaa, tepu ikiwa shingoni, na usikiinue tena.

Tulitaka kukuandikia mazuri matupu, nayo yapo. Ulikuwa fundi cherehani asiyegusa shela la bibi harusi kabla ya kunawa mikono. Mtoto wa jirani akichanika kaptula, ulimshonea palepale huku ukimtania hadi asahau kulia. Hukuwahi kutupandishia sauti. Lakini wewe mwenyewe hukupenda unafiki, kwa hiyo tuseme ukweli: ulituachia kitu cha kutia kinyaa, na mwaka mzima Mama amekuwa akikipita amebana pua.

Tunasema lile gemu lako.

Mtaa mzima walicheza mpira na ndondi kwenye mashine mpya mpya. Wewe na mashine yako ya zamani ukang'ang'ania gemu ambalo hata aliyekuuzia alilisahau humo ndani: konokono wawili, wa bluu na wa njano, wanarukaruka mtaroni. Wanaruka madimbwi ya kamasi, wanakanyaga panya waliooza. Mama, ambaye kazini hospitalini husafisha vidonda vya watu bila kukunja uso, alikuwa akiwaona konokono wale anasukuma sahani pembeni. "Mwanamume nadhifu hivi," alikuwa akisema, "ikifika jioni anaoga kamasi!" Nawe unajibu, "Nikivuka lango hili tu, mama watoto, naacha." Hukuvuka.

Tulipokusanyika kukukumbuka, Mama akatangaza kwamba takataka ile itoke nyumbani siku hiyo hiyo. Kitindamimba wako, yule msusi, akamsihi: "Mama, kwanza tuvuke lile lango. Baba ameondoka hajaona upande wa pili. Tukishavuka, tupa." Mama akasonya, akakubali.

Baba Mdogo, tunayemwita Kipara, akaivuta mashine kutoka uvunguni. Kuiwasha tu, mende wakamwagika kutoka kwenye matundu yake! Mzimamoto mzima yule, na ushujaa wake wote, tukamkuta juu ya kochi.

Halafu ile rimoti ya pili. Lo, Baba! Kumbe ulizoea cherehani, mikono juu, mguu chini, ukaona na gemu lichezwe vivyo hivyo: konokono wa bluu kwa vidole vya mikono, wa njano kwa vidole vya miguu. Miaka yote ile! Vitufe vimeota ukoko mweusi, na harufu yake ni ya soksi iliyolala ndani ya kiatu kilicholowa. Msusi akawahi rimoti safi. Kipara akasema mkono umeanza kumuuma ghafla. Mama akavaa mfuko wa nailoni mkononi, vitufe vikagoma kubonyezeka, akauvua. "Yaani huyu mtu," akasema, "hata baada ya kufa bado ananishikisha miguu yake."

Yeye na msusi wakaanguka, wakaanza upya, wakagombana, hatimaye wakafika langoni. Lango lile halifunguki mpaka konokono mmoja ashuke shimoni na kukandamiza jiwe. Akiliachia, lango linajifunga. Na muda wote huo shimo linajaa uchafu.

"Kwa hiyo huyu wa chini hatoki?" Mama akauliza.

"Hatoki, shemeji," Kipara akasema kutoka juu ya kochi. "Mmoja lazima abaki. Kaka alijua siku nyingi. Alikuwa anamshusha wa njano, uchafu ukimfika machoni anamtoa, lango linafunga, anaanza tena. Nikamwambia, mwache huyo, pita! Akasema hawezi, huyo wa njano ni mama watoto."

"Si angeshuka yeye wa bluu?"

"Nilimwambia hivyo pia. Akasema, 'Huko mbele atalalamika peke yake. Nani atamsikiliza?'"

Mama alijifuta pua kwa kiganja. Halafu akamshusha wa njano shimoni, akakandamiza kitufe kwa dole gumba, juu ya ukoko ule ule.

"Mpitishe baba yako," akamwambia msusi. "Haraka, nimeshika. Jamani, uchafu gani huu! Pita!"

Wa njano akafunikwa. Wewe ukavuka, Baba.

Unataka kujua kuna nini upande wa pili? Mtaro mwingine. Mpana zaidi, mchafu zaidi, na panya wake wamevimba.

"Ptuu!" Mama akasema. "Nimezama mzima mzima ili yeye akapate huu?"

Msusi akataka kumsogeza wa bluu aendelee na safari. Mama akamshika mkono.

"Mwache hapo hapo. Asiende kujichafua huko mbele peke yake. Asimame, anisubiri."

Mashine haijatupwa.

Unakumbukwa na mkeo mpenzi. Wanao, mwalimu, dereva na msusi. Mdogo wako Kipara. Wakwe, wajukuu, na mafundi wenzako wote wa mtaani.

Hutatutoka moyoni, leo na siku zote.