Yaya Furaha, Vituo Vimeungana

Yaya Furaha,

Bado nakuita Yaya. Hapa Kampala watu walidhani namwita mlezi wa watoto, nawe ukacheka na kuwaeleza kwamba kwenu Goma yaya ni dada mkubwa.

Vituo vimeungana. Nimeandika hivyo, nikaenda dirishani, nikarudi. Vimeungana, Yaya! Vituo vya utafiti wa majanga vya Uganda, Kenya, Rwanda, Tanzania na kwenu Kongo vimetia saini mkataba hapa mtaani Mengo, Kampala.

Nakumbuka ulivyokuwa ukiwapigia simu watafiti usiowajua, ng'ambo ya mpaka. "Halo, huko juu mvua iko namna gani?" Mkuu wetu akakuambia uache, hiyo si nchi yetu. Ukamjibu kwa upole, "Lakini mto ni wetu wote, bosi." Mimi peke yangu ndiye uliyeniambia sababu: mto ule utokao Kongo ulimchukua mdogo wako usingizini alipokuwa akiishi huku Uganda, na kule milimani mvua ilikuwa imeonekana tangu mchana. Hakuna aliyejua ampigie nani huku chini.

Mkutano wenyewe ulikaribia kuvunjika. Tuligombania makao makuu, kila nchi iliyataka. Mjumbe wa Kenya alishafunga kompyuta yake. Hapo simu ya Mzee Balume, mjumbe wa Kongo, ikaita. Akasikiliza, akasimama.

"Jamani, kwetu milimani mvua ni mbaya sana. Maji iko njiani inakuja kwenu."

Laiti ungeuona ukumbi ule. Watu waliokuwa wakirushiana maneno wakavuta viti pamoja. Mkenya akafungua tena kompyuta, akatafuta picha za setilaiti. Mnyarwanda akakadiria mwendo wa maji. Mimi nikampigia mwenyekiti wa kijiji kilicho mtoni, upande wetu. Kwa haraka nikakosea namba, nikapiga tena.

"Hapa jua linawaka, madam," akasema. "Una uhakika?"

"Ssebo, bwana wangu, nakuomba, watoe watu."

Nikamsikia akiwaita majirani kwa sauti kubwa.

Maji yalifika jioni. Yalibeba nyumba, migomba, hata daraja. Mwenyekiti aliponipigia alikuwa juu kilimani na watu wake. Nilisikia mtoto akilia na mama akimbembeleza. "Wote wako hapa," akasema. "Wote."

Nilipowaambia, ukumbi mzima ulisimama, Yaya. Hakuna aliyepiga makofi. Mimi, mtoto wa askari wa kambi ya Nsambya, niliyezoea kelele, nilihisi kama siku ile mama aliponiingiza mara ya kwanza katika kanisa kuu la Lubaga, nikatazama juu nikasahau hata kupumua. Watu wa nchi tano walikuwa wamesaidiana, na kijiji kizima kilikuwa hai. Nilitamani ugonjwa ungekuachia mwaka huu mmoja tu.

Tulitia saini asubuhi iliyofuata. Makao makuu bado hatujakubaliana. Najua ungecheka.

Kesho naenda kwa wale watu, wako kwenye mahema. Nitakaa nao, nitawaambia kulikuwa na mwanamke aitwaye Furaha aliyewawazia kabla hawajamjua. Na nakuahidi, sitaiacha kazi hii mpaka vijiji vyote vya mto ule viwe vinapata habari kabla ya maji.

Pumzika sasa, dada yangu. Umechoka vya kutosha.

Mdogo wako,
Akello