Kaburi alilolilia Celestina

Paskazia, kitendawili: nimempigia magoti, kumbe enzi zake alikuwa akibweka. Jibu linakuja. Kama unakula, weka sahani pembeni.

Unakumbuka mwaka tisini na mbili mdogo wangu Celestina alipopanda meli kwenda Bukoba kutafuta kaburi la babu? Binamu yetu Byabato alimwonyesha rundo la mawe nyuma ya nyumba yake. Celestina akalia mpaka sauti ikakauka. Akafunga udongo kwenye kitenge, akarudi nao Mwanza, akapandia mgomba.

Leo Byabato katutembelea hapa Ilemela, Mwanza. Kala, kashiba, kajifuta mdomo, ndipo akasema huku anacheka, “Dada, pale nilimzika mbwa wangu. Kibanja cha babu nilishamuuzia tajiri, akajenga baa juu ya makaburi.”

Mbwa, Paskazia. Tena anacheka.

Celestina akamwuliza, “Babu aliyekulea, Byabato?”

“Dada, enzi zile kila mtu alikuwa anauza.”

Celestina akasogeza sahani yake. “Ndizi ulizokula ni za mgomba ule.”

Kicheko kikakatika. Sasa Byabato anatapika uani, na Celestina anaukata mgomba kwa panga. Mimi natema mate tu. Babu tukamlilie wapi, mwenzangu?