Bustani Aliyoifagia Mama Mdogo

Dar es Salaam

Mama yangu mpendwa,

Mwangaluka, mayu. Magoti yanaendeleaje? Pamba ya huko Sapiwi imepata mvua? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo haijatulia. Nimekupigia simu mara mbili nikueleze, nikaishia kuulizia ng'ombe.

Ile bustani ya zamani tuliyokuwa tunaikarabati katikati ya mji imekwisha. Chemchemi inatoa maji, njia za mawe zimerudi, na wanasema sasa ni ya wananchi wote. Lakini unajua mdogo wako Milembe aliuza uji mle ndani miaka yote palipokuwa pori. Alipafagia mwenyewe, na maua aliyamwagilia maji ya kuoshea vikombe. Njia za mawe zilikuwa zimefukiwa na udongo. Ni yeye aliyetuonyesha zilipo. Mimi nilipofika mjini sina kitu, nililala kwake.

Injinia aliponipa usimamizi wa vibarua, kazi ya kwanza aliyonituma ilikuwa kuiondoa meza ya mama mdogo. Nilimwambia ni kwa muda tu, ujenzi ukiisha atarudishiwa nafasi yake. Nilijua nadanganya. Alikunja turubai lake, akanishukuru kwa kumwambia mapema.

Siku ya ufunguzi alikuja amevaa kitenge cha kanisani, akakaa kwenye benchi jipya na chupa yake ya uji. Mlinzi akamwambia chakula cha nje hakiruhusiwi. Akaninyooshea mkono, akasema mimi ni mtoto wake. Mlinzi akanifuata, nilikuwa nimesimama na injinia na wageni wake.

"Unamfahamu yule mama?"

"Simfahamu," nikasema.

Alisikia, Mama. Alifunga chupa yake akatoka getini polepole. Jioni nilimfuata chumbani kwake, nikamkuta anafunga mizigo.

"Narudi nyumbani," alisema. "Huku sina mtu."

Nauli yangu aliikataa. Barua hii nampa kondakta wa basi analopanda, maana mkononi mwangu hapokei kitu.

Msalimie kaka Masanja na mke wake, na bibi mzaa baba, mwambie dawa yake ya macho nitaituma. Kaka nimemwambia kwa simu akampokee mama mdogo stendi ya Bariadi, na barua hii aichukue kwa kondakta. Atakayokueleza juu yangu ni kweli. Usinitetee.

Mwanao,
Shija