Kwa Mutie Haizimiki

Ndete, nimempiga Mutie. Mutie fundi wa laptop, huyu wetu wa Komarock. Nimempiga mpaka jino likatoka!!

Si unajua vile laptop yangu huchemka halafu inajizima? Leo imezima katikati ya interview ya kazi. Meneja ananiuliza swali, mara giza.

Nikaibeba mpaka kwa Mutie, hasira imenijaa. Akaiwasha, ikakaa, ikakaa, iko baridi. Jamaa akacheka. "Sylvance, hapa kwangu haizimiki."

ATI HAIZIMIKI. Nikamwambia rudia. Akarudia! Nikamtandika ngumi ya mdomo, akaangukia redio za watu, nikamfuata hapo hapo chini. Watu ndio walinitoa juu yake.

Sasa sikia. Nimefika nyumbani, nimeiwasha kwa meza, iko poa kabisa. Mathe akaingia kutoka nje na kile kitambaa chake kizito cha uzi wa sweta, alikuwa amekifua nilipotoka kwenda kwa Mutie. Akainua laptop, akakitandika chini yake, vile hukaa siku zote.

Kidogo tu, feni ikaanza kulia. Nikaigusa, moto!

"Mama, toa hiyo kitu!"

"Nitoe, meza yangu ikwaruzwe?"

Ndete, Mutie amepelekwa hospitali. Na mathe amesimama hapa ananiuliza hii damu kwa shati ni ya nani.